Hina ya Mgongoni

"Geuka nyuma nikuone mabegani," nilimwambia Idder, pini tatu zikiwa mdomoni mwangu.

Akageuka nusu.

"Nimesema geuka, sikusema ucheze ngoma."

"Limenikaa vizuri, Tuda. Liache hivyo hivyo."

"Mshonaji hapa ni nani, mimi au wewe?"

Alicheka, lakini kicheko chenyewe hakikuwa chake. Nilikuwa namjua Idder, mchumba wangu, miaka miwili. Yeye ni mtu ambaye kazi yake ni kufa. Kila sinema ya vita inayopigwa hapa mjini Warzazati, Idder yumo na anakufa. Amekufa Mrumi, amekufa Mwajemi, siku moja amekufa mara mbili kabla ya chakula cha mchana. Safari hii sinema ilikuwa ya Wafaransa na askari wao wa jangwani, walivyokuja kuuteka mlima wetu wa Saghru. Na mkuu wa mavazi, Mama Solanji, alikuwa ametangaza kwamba mwenye nguo kuukuu za wazee azilete, maana kamera haidanganywi na sufi mpya. Mama yake Idder akafungasha joho la zamani lenye kofia, akalituma. Mama Solanji alipoliona akapiga kelele za furaha, akamvisha Idder pale pale.

Basi nikamshika mabega, nikamgeuza mwenyewe.

Doa lilianzia bega la kushoto, likashuka mpaka kiunoni. Jekundu la kahawia, limetawanyika jinsi kitu kizito kinavyotawanyika kikirushwa kwa nguvu. Nikatema pini kiganjani.

"Hii nini?"

"Chai. Mama aliwahi kumwaga chai."

"Idder."

"Basi kutu. Sanduku letu la bati lina kutu."

"Idder, mimi hina naijua. Niambie usoni, hii nini?"

Nyuma ya pazia nilisikia watu wakipanga foleni, na kaka yangu Lahsen akiwachekesha wenzake kwa bunduki ya mbao. Idder akainamisha kichwa.

Kwetu hina ina njia mbili. Ya mikononi ni ya heri, ni harusi, ni sikukuu, ni mtoto kuzaliwa. Ya mgongoni ni ya jambo moja tu. Wanawake wetu walipanda mlimani na waume zao kupigana na Mfaransa, na walibeba bakuli za hina. Mwanaume akiwapa maadui kisogo akakimbia, walimmwagia mgongoni. Hawakumpiga, hawakumtukana. Walimtia alama, yakaisha. Mpaka leo mjukuu wa mtu mwenye alama akienda kuposa, kuna wazee watakaofunga mlango.

"Ni ya babu," akasema. "Baba yake baba."

"Uliniambia nyinyi ni watu wa Dra."

"Tulihamia Dra."

"Mlihama au mlikimbia? Babu yako anaitwa nani?"

"Tuda, punguza sauti."

"Anaitwa nani!"

"Haddu."

Nikakaa juu ya rundo la mavazi. Haddu yumo katika wimbo wetu. Wanawake wa ukoo wetu huuimba wakisuka mazulia, na mimi nimeuimba tangu sijang'oa jino: *Tuda wa mlimani, bakuli mkononi. Haddu, ewe Haddu, bunduki umemwachia nani?* Huyo Tuda wa wimboni ni mama yake bibi yangu. Alikufa mlimani siku ile ile, na jina lake ndilo nililopewa. Idder alishawahi kunisikia nikiuimba wimbo huo. Alikuwa amekaa kando yangu, akapiga makofi.

"Ulinipigia makofi," nikamwambia.

"Ningefanya nini?"

"Ungesema!"

Pazia likafunguka. Alikuwa Lahsen na bunduki yake ya mbao. Aliutazama mgongo wa Idder, akanitazama mimi, akarudi kinyumenyume. Nikajua mambo yameshaharibika.

*

Nusu saa haikupita, simu ikaita.

"Halo, baba."

"Uko wapi?"

"Kazini."

"Panda gari la kwanza urudi nyumbani. Na usije na mtu."

Baba yangu, Mzee Moha, hapendi kupaza sauti. Akikasirika huongea taratibu. Nilimkuta amesimama katikati ya ua, mama yangu yuko mlangoni amejishika shavu, na Bibi Itto, mama yake baba, amekaa mahali pake ukutani anachambua dengu. Bibi huchechemea mguu mmoja tangu vita ile. Alikuwa mtoto wa miaka tisa wakati huo.

"Ni kweli?" baba akauliza.

"Ni kweli, baba."

"Ulikuwa unajua?"

"Naapa sikujua. Nimejua leo."

"Basi hakuna harusi."

"Baba, zimebaki wiki tatu. Watu wameshaalikwa."

"Wataambiwa wasije."

"Idder hajakimbia vita yoyote! Yeye hata kuku akichinjwa anageuza uso!"

"Mwanangu, nisikilize vizuri. Jina lako ni la mwanamke aliyekufa na bakuli la hina mkononi. Yeye ndiye aliyemmwagia Haddu. Leo nimtoe kitukuu wake niipe nyumba ya Haddu? Nikifa nikamkuta huko nitamwambia nini?" Akaonyesha mtungi uliokuwa pembeni ya jiko. "Hina ya harusi yako ile pale imeshapondwa. Nitawamwagia mbuzi kabla haijagusa kiganja chako kwa ajili ya watu wale."

Nikalia. Sikulia kwa adabu, nililia kwa kelele mpaka jirani akachungulia. Nilimpenda Idder, na nilimchukia kwa kunidanganya, na sikujua kipi kati ya hivyo viwili kilikuwa kinaniliza.

Bibi Itto akaniita kwa kidole.

"Hilo joho, mjukuu wangu. Umelishika kwa mikono yako?"

"Nimelishika, bibi."

"Pindo la mbele ni zima?"

Nikashangaa. Pindo la mbele nililiona, nikalipangia kiraka.

"Si zima. Limechanwa kipande, upana wa kiganja. Kama mtu amechana kwa meno."

Mikono yake ikasimama juu ya dengu. Ilikaa hivyo mpaka mama akauliza kama anaumwa.

"Kesho mnipeleke huko," akasema.

"Wapi, mama?" baba akauliza.

"Kwenye hiyo sinema yenu."

"Kufanya nini kule? Kuna jua na vumbi, na watu wanapiga makelele."

"Miaka sabini natazama ukuta, Moha. Nitazame na sinema siku moja."

Jioni Idder akaanza kutuma ujumbe.

"Tuda naomba unisikilize. Nilitaka kukwambia baada ya harusi."

Nikamjibu: "Baada ya harusi ungeniambia nini? Kwamba wanangu hawatapata wa kuwaoa?"

"Niliogopa kukupoteza. Ni woga tu."

"Sishangai. Damu haipotei."

Nilibonyeza kutuma, na papo hapo nikajua nimemchoma mahali ambapo hapaponi. Hakujibu. Na mimi, kwa kiburi changu, sikuandika tena.

*

Kesho yake nilifika kazini nikakuta hali imechafuka. Mdomo wa Lahsen hauna mlango. Alikuwa amemsimulia mkalimani habari ya hina, mkalimani akampelekea mwongozaji wa sinema, na mwongozaji akasema amepata dhahabu. Anataka tukio hilo hilo. Mwanaume anakimbia vita, mwanamke anamrushia hina mgongoni, na joho liwe lile lile la kweli.

Mkalimani alikuwa anawabembeleza wanawake waliokuja kuigiza.

"Dada zangu, ni kumwaga tu. Unarusha, unaondoka, unakunywa chai."

"Tunaigiza maiti, tunaigiza vilio," akajibu mmoja wao, mama mnene wa kijiji cha Nkob. "Hina hatuigizi. Mrushie mama yako."

"Jamani, ni mchezo!"

"Joho ni mchezo? Doa lile ni mchezo?"

Idder alikuwa amesimama peke yake juu ya mchanga, amelivaa lile joho. Watu mia mbili walikuwa wanamtazama, na hakuna aliyesimama karibu naye. Nikamwendea.

"Umekubali?"

"Nimekubali."

"Huna aibu?"

"Nimekuwa nayo tangu nina miaka saba, Tuda. Baba alinikataza kulitaja jina la babu hata ndani ya nyumba. Leo kila mtu kajua. Nikikimbia mbele ya kamera au nikikaa chini, yote sawa." Akanitazama. "Nani atamwaga?"

Sijui shetani gani alinikalia. Nilikuwa na hasira, nilikuwa sijalala, na wimbo ule ulikuwa unanizunguka kichwani.

"Mimi," nikasema. Nikamgeukia mkalimani. "Nipe bakuli."

Mama wa Nkob akashika kichwa. "We binti, si mchumba wako huyu?"

"Alikuwa."

Idder hakukasirika. Hilo ndilo lililonitia uchungu zaidi.

"Utaweza?" akaniuliza.

"Wewe kimbia tu. Si ndiyo kazi ya ukoo?"

Alifumba macho kidogo, akaondoka kwenda kusimama mahali pake juu ya kilima.

Wakanivika shuka jeusi la wanawake wa mlimani. Hina ilikuwa ya kweli, nzito, na harufu yake ilinikumbusha mtungi ulioko nyumbani. Moshi ukawashwa. Bunduki zikalia. Waliovaa sare za Mfaransa wakapanda wakipiga kelele, na wengine wakaanguka vizuri kama walivyofundishwa. Kisha Idder akashuka mbio kilimani. Akanipita. Mgongo ukawa mbele yangu, doa la kale likinitazama, nami nikainua bakuli.

Mtu akanidaka kifundo cha mkono.

"Shusha," sauti ikasema.

Alikuwa Bibi Itto. Ameingia mbele ya kamera na fimbo yake, anachechemea, vumbi mpaka magotini. Nyuma yake baba alikuwa anakimbia anahema. "Mama! Mama, utagongwa!" Mwongozaji akapiga kelele kwa Kifaransa, watu wote wakasimama, na maiti mmoja akainua kichwa kuangalia.

Bibi hakumjali mtu. Alimtazama Idder.

"Wewe ndiye mjukuu wa Haddu?"

"Ndimi, bibi."

"Njoo. Umekimbia vibaya."

"Vipi, bibi?"

"Umekimbia unarusha mikono. Haddu hakurusha mikono. Ilikuwa mbele, ameikunja, na mgongo ameuinamisha hivi." Akainama kuonyesha, fimbo ikitetemeka. "Alikuwa amebeba."

"Alibeba nini?"

"Alinibeba mimi."

Mkalimani akaanza kumnong'oneza mwongozaji, kisha akaacha.

"Chemchemi ilikuwa imeshatekwa," bibi akasema. "Siku mbili sikuonja maji. Kipande cha bomu kiliingia mguuni hapa. Baba yangu alikuwa ameshazikwa, na mama alikuwa juu ya genge akiwapa wanaume risasi. Haddu alikuwa kijana wa jirani tu. Aliniona nalamba jiwe. Akachana pindo la joho lake kwa meno, akanifunga mguu, akanitia ndani ya joho kifuani, akaacha bunduki, akashuka kwenda kuwaomba maji wale wale waliokuwa wanatuua. Mama yangu alikuwa juu yetu. Aliona mgongo tu."

"Mama," baba akasema taratibu, "jua limekupiga. Twende kwenye kivuli."

"Jua halijanipiga, Moha."

Akaingiza mkono kifuani. Tangu utoto wetu tunamjua bibi na kifuko chake cha chumvi kilichofungwa kwa kitambaa cheusi cha sufi. Tuliambiwa ni dawa ya jicho la hasidi. Akakifungua kile kitambaa, chumvi ikamwagika mchangani, akanipa.

"Wewe ni mshonaji. Pima."

Nikapiga magoti mbele ya Idder. Nikakiweka kitambaa kwenye pindo lililochanwa. Mstari wa rangi ya kahawia ukakutana na mstari, uzi ukakutana na uzi. Hata alama za meno zilikutana. Nikamtikisia baba kichwa kuwa ndiyo.

"Kwa nini hukusema?" Idder akauliza. "Babu alikufa akiokota makaa ya mawe kwenye mgodi wa watu. Sokoni alikuwa hakai na wanaume. Kwa nini hukusema, bibi?"

Bibi Itto akakaza fimbo.

"Mama yangu alikufa jioni ile ile. Nikabaki sina mama, nina wimbo. Kila nilikokwenda waliniita binti wa Tuda wa mlimani, wakanipa sehemu nzuri ya nyama. Ningesema, ningemtoa mama yangu kwenye wimbo. Nilikuwa mtoto." Akamtazama Idder. "Kisha nikawa si mtoto. Siku ya harusi yangu Haddu alikuja. Alisimama nje ya mlango na joho hilo hilo. Akatuma mtu aniambie: 'Itto, sema neno moja tu.' Nilikuwa na hina mbichi mikononi. Nikamwambia yule mtu, mwambie simjui."

Baba akaketi chini, pale pale mchangani, na suruali yake nzuri.

"Haddu hakukimbia," bibi akasema. "Aliyekimbia ni mimi. Miaka sabini nakimbia, na nyote mnanibusu mkono."

Akatupa fimbo. Akageuka polepole, akatuonyesha mgongo, mimi na Idder na watu wote.

"Tuda. Una bakuli. Nimwagie."

"Bibi, hapana."

"Nimwagie! Una jina lake. Yeye alikosea mtu, wewe usikosee."

Hina ilikuwa inachuruzika kwenye vidole vyangu. Mama wa Nkob alikuwa analia waziwazi. Nilimtazama Idder. Haki ilikuwa yake, si yangu, nikamnyooshea bakuli.

Akalipokea. Alisimama nyuma ya bibi muda mrefu, na nakwambieni ukweli, nilidhani atamwaga. Uso wake ulikuwa wa mtu anayeweza kumwaga.

Kisha akamzunguka, akapiga magoti mbele yake.

"Nipe mkono," akasema.

"Mwanangu, mgongoni."

"Babu yangu alitupa bunduki ili upone, bibi. Nikikutia alama mimi, atakuwa aliitupa bure. Lete mkono."

Akamfungua vidole kimoja kimoja, akampaka hina kiganjani, vibaya, kama mwanaume asiyewahi kupaka. Bibi alilia bila sauti. Alipomaliza mkono wa pili akasema, "Ila utasema. Kila mahali ulipoimbwa ule wimbo, utasema."

"Nitasema."

Mkalimani akasogea kwa woga. "Samahani, bibi. Mwongozaji anauliza kama mnaweza kurudia. Kamera ilikuwa imezimwa."

"Mwambie nimerudia miaka sabini," bibi akajibu. "Leo nimemaliza."

*

Idder hakunisemesha siku nne. Siku ya tano nilimkuta nyuma ya hema la mavazi, anavua viatu vya kijeshi.

"Nimekuja kuomba msamaha," nikasema.

"Kwa lipi? Yapo mengi."

"Damu haipotei. Na kazi ya ukoo. Na bakuli."

"Ungemwaga?"

Ningeweza kudanganya.

"Ningemwaga, Idder."

Akatikisa kichwa taratibu, akimwaga mchanga kutoka kiatuni.

"Basi afadhali. Mimi nilikudanganya miaka miwili, wewe umeniambia kweli mara moja. Tuko sawa?"

"Hatuko sawa. Mimi nimekuumiza zaidi."

"Ni kweli, umeniumiza zaidi," akasema. "Kaa hapa basi. Mbona umesimama kama polisi?"

Nikakaa.

Baba alikwenda mwenyewe nyumbani kwa mama yake Idder, na mkate wa sukari na kondoo, na hakuingia mpaka aliposema mlangoni, watu wakisikia, jina la Haddu mara tatu. Bibi Itto alikwenda naye. Kisha alipelekwa vijiji saba kwa gari la Lahsen, na kila kijiji alisema. Wengine walimkumbatia. Wawili watatu walimgeuzia uso, na hilo pia alilipokea.

Usiku wa hina yangu wanawake walipoanza kuimba walifika kwenye ubeti ule wakasita, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza. Bibi akaudaka kwa sauti yake ya kukwaruza: *Tuda wa mlimani, mgongo uliuona. Haddu, ewe Haddu, kifuani umembeba nani?*

Na wanawake wote wakamjibu: *Itto.*

Idder aliingia amelivaa lile joho. Kipande cha pindo nilikuwa nimekishona mahali pake kwa mkono wangu, kwa uzi mweupe, ili kionekane. Mama mkwe wangu aliniuliza kwa nini sikulifua na lile doa la mgongoni, maana siku hizi dawa zipo.

"Lile si letu kulifua, mama," nikamwambia. "Liache watu waulize."